Siku Bila Mgonjwa

Jumapili ile, ndugu zangu, ungepita mbele ya nyumba ya Chuma ungesema hapa amani imepanga na haina mpango wa kuhama. Mlango wa uani ulikuwa wazi, jua la asubuhi limeingia mpaka chini ya meza. Cherehani ya mkewe ilikuwa imefunikwa kitambaa, maana siku hiyo hashoni nguo ya mtu. Birika la chai lilipita mkono kwa mkono. Chuma mwenyewe alikuwa amenyoosha miguu juu ya kigoda, anamtania mkewe kwamba amemshonea suruali ya watu wawili.

"Suruali haijakua, Baba Kasuku," mkewe akamjibu. "Wewe ndiye umepungua. Moto unakula nyama yako."

Tukacheka. Nasema tukacheka kwa sababu na mimi nilikuwepo, nimeshika kikombe changu. Mimi ni jirani yao, ukuta wetu ni mmoja. Tena ni mtunza stoo wa kituo cha wazimamoto wa msitu, hapo hapo anapofanya kazi Chuma. Watu wananiita Mama Stoo. Jina hilo silipendi, lakini nani ataniuliza?

Chuma si jina alilopewa na mama yake. Ni jina la kazini, na alilipenda kuliko lile la kuzaliwa. Alikuwa kiongozi wa kikosi cha watu kumi na wawili, na msimu wa kiangazi ukifika, watu hao hawana Jumapili wala Jumatatu. Labda hamjui kazi yenyewe. Moto wa msituni hauzimwi kama moto wa nyumba, kwa mpira mrefu na gari lenye king'ora. Huo unanyimwa chakula. Watu wanatangulia mbele yake na majembe na reki, wanalima ukanda mtupu, wanafagia majani mpaka udongo uonekane, ili moto ukifika ukose cha kula ufe njaa. Ni kilimo kisicho na mavuno, kinacholimwa mbele ya tanuri, ndani ya koti zito na buti, na pampu ya maji mgongoni. Jana yake jioni kikosi kilikuwa kimerudi kutoka kwenye moto wa siku tatu.

Basi tukiwa tunacheka habari ya suruali, binti yao wa miaka minane akatoka chooni. Tunamwita Kasuku, kwa sababu hakuna neno linaloingia sikioni mwake likakosa kutokea mdomoni.

"Mama! Nani amemwaga chai chooni?"

"Chai gani wewe?"

"Chai. Ya rangi. Haina maziwa."

Chuma ndiye aliyecheka wa kwanza, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. "Labda choo nacho kilikuwa na kiu!" akasema. Mimi nikacheka mpaka chozi likanitoka. Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, akacheka kidogo, kisha akamtazama mumewe, kisha akaenda kuongeza sukari. Mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini nani anakumbuka methali akiwa na kikombe mkononi?

Sasa niwaeleze habari ya ubao. Bila ubao hamtaelewa kwa nini mtu mzima, mwenye akili zake, anakojoa maji ya rangi ya chai halafu anafanya mzaha.

Miezi kumi na minne kabla, makao makuu walituletea ubao mzuri wa kijani, umeandikwa kwa rangi nyeupe: SIKU BILA AJALI. Chini yake pana nafasi ya kuandika namba kwa chaki. Nia ilikuwa njema, sitawasingizia. Kituo kitakachofikisha namba kubwa mwisho wa msimu kitapewa cheti, na mkurugenzi atakuja kupiga picha na kikosi. Kazi ya kufuta namba ya jana na kuandika ya leo nilipewa mimi. Tulipopita mia moja, sifa zikaanza kutuingia. Mtu akijikwaa, tunasema kujikwaa si ajali. Mtu akijikata kidogo, tunasema huyo kanyolewa. Siku moja mmoja wetu akasema kikosi hiki hata mafua hakiugui, na watu wakapiga makofi. Ndipo mimi, kwa vidole vyangu hivi, nikachukua rangi, nikafuta neno AJALI, nikaandika MGONJWA. SIKU BILA MGONJWA. Nikarudi nyuma hatua mbili nikaitazama kazi yangu, nikajiona msanii.

Ndugu zangu, neno moja tu. Ajali mtu haombi, wala haifichiki. Ugonjwa unafichika. Tangu siku ile, mtu akija stoo ameshika kichwa, wenzake wanamwuliza: "Unataka kuturudisha sifuri?" Na hakuna aliyetaka kuwa yule aliyekirudisha kikosi sifuri. Angeonekana kila mahali kama mchawi.

Mengine yakafuata yenyewe. Kila mmoja hupewa chupa sita za maji akienda mstari wa moto, na jioni mimi hupokea chupa. Kisheria mtu anywe zote, na apumzike kivulini. Lakini kunywa ni kusimama, na kwenda kukojoa ni kuwaacha wenzako wakilima peke yao. Basi aliyerudisha chupa nyingi zilizojaa ndiye aliyeitwa mwanamume, hata kama ni mwanamke. Tuna wanawake watatu kikosini, nao waliingia mashindanoni kama wengine. Chuma alirudisha nne kati ya sita. Nilizihesabu mwenyewe, nikampigia saluti. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wa kwetu walisifiwa wakaacha hata kuyanywa.

Na kulikuwa na wito. Kila baada ya saa moja, Chuma huita kwenye redio: "Hali?" Nao hujibu kwa namba zao, moja sawa, mbili sawa, tatu sawa, mpaka kumi na mbili, ambayo ni namba yake mwenyewe. Wito huo uliwekwa ili kumgundua aliyezidiwa. Lakini ulikuwa umegeuka wimbo. Wengine walijibu "sawa" kabla hajamaliza kuuliza. Nakumbuka namba tano aliwahi kujibu sawa akiwa anatapika, na tukamcheka wiki nzima.

Jumatatu, Chuma alikuja stoo peke yake. Sheria inataka kikosi kilichotoka moto wa siku tatu kipumzike siku mbili, lakini yeye alikuwa amewaita watu mazoezini. Alitembea kama mtu aliyevaa buti za mwenzake.

"Mama Stoo, nipe vidonge vya maumivu. Mapaja yananivuta."

"Yanakuvuta kwenda wapi?"

"Acha utani. Nipe vinne. Na usiandike."

Daftari la wagonjwa lilikuwa pale mezani, na kalamu juu yake. Namba ya ubao asubuhi hiyo ilikuwa mia nne na kumi na mbili, na mkurugenzi alikuwa anakuja mwisho wa mwezi. Nikampa vinne. Sikuandika. Nilimwambia tu, "Kunywa na maji, kaka," na nikajiona nimetimiza wajibu wangu.

Jumanne kabla ya saa tatu asubuhi, moto ukawaka kwenye mteremko wa misonobari, ng'ambo ya bonde. Hapakuwa na nyumba kule, hapakuwa na shamba la mtu. Ni miti ya serikali, basi. Kikosi kikapanda gari, mimi nikabaki na redio, kama kawaida yangu wakiwa nje.

Saa nane mchana Fundi akaingia stoo bila kubisha hodi. Bado alikuwa na futi ya kupimia shingoni na uzi umeshika kwenye blauzi. Alikuwa ametembea kwa haraka na hakutaka kiti.

"Jirani, nataka kukuuliza kitu cha aibu."

"Aibu ya nani?"

"Ya nyumba yangu. Nimesafisha choo leo. Ile chai aliyoisema mtoto juzi, leo imekuwa kahawa. Ni mume wangu. Jana usiku aliamka mara tatu anakamua mapaja kama mtu anayekamua nguo. Nikimwuliza, anasema sawa. Nataka kujua, hiyo ni nini?"

Nilikuwa na jibu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mwaka uliopita muuguzi wa afya kazini alikuja kutufundisha, akatuachia picha kubwa ya kubandika ukutani, ina michirizi minane ya rangi, kuanzia maji meupe mpaka kahawia. Tuliiona ni picha ya aibu. Ningeubandikaje mkojo ukutani, na mkurugenzi anakuja? Niliikunja nikaisukuma nyuma ya maboksi ya buti. Sasa nikapiga magoti, nikaivuta, nikaitandaza mezani. Vumbi likatupaka wote wawili.

Fundi hakupoteza muda kuichunguza. Akaweka kidole kwenye mchirizi wa mwisho kabisa. "Hii."

Pembeni ya mchirizi ule pameandikwa kwa herufi kubwa: ACHA KAZI SASA HIVI. NENDA HOSPITALI.

Kwa saa tano mtu yule alikuwa analima mbele ya moto, na vidonge vyangu tumboni.

Nikashika redio nimwite. Nilitaka kusema kwa adabu, kwa fumbo, maana redio ile inasikika kwa kila mtu aliye mlimani. Fundi akaona ninavyotafuta maneno. Akaninyang'anya redio.

"Baba Kasuku," akasema, "umekojoa saa ngapi?"

Hebu fikirini. Watu kumi na wawili mlimani, moshi mpaka puani, kila mmoja ana redio begani, na mke wa mkubwa wao anauliza swali hilo kwa sauti ya kumwitia mtoto chakula. Redio ikakoroma kidogo.

"Sawa," Chuma akajibu.

"Sikukuuliza kama uko sawa. Nimekuuliza saa. Saa ngapi?"

"Sawa," akasema tena, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. "Kituo, kumi na mbili sawa."

Fundi akaitoa redio mdomoni akanitazama. "Huyu hayupo," aliniambia. "Mwili uko kule, lakini mwenyewe hayupo."

Kabla sijajibu, redio ikalia. Ilikuwa sauti ya kike. "Mama, hapa ni namba nane. Mimi sijakojoa tangu alfajiri. Kichwa kinagonga."

"Namba tano. Mimi pia."

"Namba tatu. Nimeona nyota mara mbili, nikadhani ni cheche."

Ndugu zangu, miezi kumi na minne ya wimbo, na wimbo ulikatika kwa swali moja la mke wa mtu! Na mwingine akafuata, wakawa wanne. Kisha akaingia msaidizi wa Chuma, bwana tunayemwita Taratibu, kwa sababu hata akiungua anakuambia polepole.

"Mama Stoo. Mkubwa ameshika jembe, lakini halimi. Anaigonga ardhi pale pale. Nifanye nini?"

Kanuni inasema kiongozi wa kikosi ndiye peke yake anayeweza kuwatoa watu kwenye mstari. Mimi ni nani? Mtoa buti. Nikimwambia Taratibu awatoe, moto utapita ule ukanda na kuula mteremko mzima, na nitaitwa makao makuu nieleze. Nikinyamaza, Fundi atakuwa mjane kabla ya jioni, na nitaishi naye ukuta kwa ukuta maisha yangu yote. Nilimtazama. Hakuniomba kitu. Nikachukua redio.

"Taratibu, mtoe. Watoe wote."

"Mteremko utaungua."

"Uungue."

"Kwa amri ya nani, Mama Stoo?"

"Ya mke wake na ya kwangu. Wakinifukuza nitajifunza kushona. Na leo usiende taratibu!"

Baadaye walinisimulia. Taratibu alipomshika mkono, Chuma alimwita mwoga, akamsukuma, akainua jembe kama anataka kupigana nalo. Kisha magoti yakamkatika. Walimfungua koti na buti wakamvuta kivulini, wakammwagia maji shingoni na kwapani, maji yale yale ambayo walikuwa wanayarudisha kwangu kwa fahari. Wakampokezana mabegani mpaka kwenye gari. Ilichukua dakika arobaini, na nyuma yao mteremko ukaungua wote. Dakika zile mimi nilipiga simu hospitali, nikapiga tena kuhakikisha kwamba nilipiga. Fundi alikaa juu ya boksi la buti akawa anapanga glavu jozi jozi, za kulia na za kushoto, na alipomaliza akazivuruga akaanza upya.

Daktari alikuwa mama mmoja mfupi asiyepoteza maneno. Alitueleza kwamba msuli ukitumikishwa mno kwenye joto bila maji na bila kupumzika, huvunjika ndani kwa ndani, na taka zake huingia kwenye damu na kuziba figo. Ile rangi ya chai ilikuwa ni nyama yake mwenyewe.

"Mkojo wake umekuwa hivi kwa siku ngapi?"

"Tangu Jumapili," Fundi akasema.

"Na amekunywa dawa gani?"

Nikasema mimi. Nikataja vile vidonge.

"Hivyo vinazidi kuzibana figo. Vimeandikwa wapi?"

"Havikuandikwa."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliandika yeye, akaondoka.

Siku kumi na moja damu ya Chuma ilisafishwa kwa mashine. Nyumba ile ya kuonewa wivu sikuitambua. Cherehani ilikaa kimya, nguo za watu zikarundikana na vikaratasi vyake, Fundi akawa anashinda hospitali na kulala kwenye kiti. Mtoto alilala kwangu. Nami niliona jambo lililonivunja moyo kuliko mashine yenyewe: Kasuku aliacha kusema. Ukimwuliza kitu, anatikisa kichwa. Siku ya nne nilimkuta amejibanza nyuma ya mlango, analia bila sauti.

"Una nini, mwanangu?"

Akaninong'oneza sikioni. "Mimi ndiye niliyesema ya chooni. Baba akaumwa."

Nilimbeba mgongoni, miaka yake minane yote, nikampeleka hospitali kwa mama yake. Fundi alipomsikia alimkumbatia kwa nguvu. "Kama usingesema, baba yako angekuwa amekufa," akamwambia. "Nyumba nzima tulikuwa vipofu, wewe peke yako ulikuwa na macho. Sema tena, mama. Sema kila utakachokiona." Mtoto akalia sana, na kabla hatujafika getini alikuwa ameshanieleza habari za kila mgonjwa wodini.

Siku ya kumi na mbili Chuma alikuwa amekaa kitandani, macho yamerudi mahali pake. Muuguzi akaja na kipimo chake. "Unajisikiaje leo, mzee?"

"Sa..." akaanza. Neno likamkwama. Alimtazama mkewe, akautazama mkono wake uliojaa alama za sindano. "Naumwa, dada," akasema. "Naumwa sana. Naogopa." Nimefanya kazi naye miaka tisa na sikuwahi kumsikia akisema maneno hayo. Akalia mbele yetu, na hakuna aliyemwona mdogo kwa hilo.

Mkaguzi wa afya kazini alifika wiki ile ile. Aliomba daftari la wagonjwa, akalifungua, akageuza kurasa zake nyeupe. "Daftari safi hivi," akasema, "huwa naliona kwa watu wa aina mbili, malaika na waongo. Nyinyi ni wepi?" Nikamwambia ukweli wote, wa vidonge, wa chupa, wa neno nililolibadilisha kwa rangi. Nilipewa onyo la maandishi, na nililistahili. Ubao niliufungua mwenyewe kwa bisibisi. Makao makuu nao walikiri kwamba hawakuwahi kuuliza ni kwa namna gani namba ile inapanda, na waliahidi kutompa tena mtu cheti kwa kutougua.

Tukaanza upya, na haikuwa rahisi. Sasa swali la redio si "Hali?" tena. Kila mtu ana mwenzake, na kila saa mwenzako ndiye anayekusemea, umekunywa chupa ngapi, umekojoa saa ngapi, rangi gani. Mwanzoni vijana walicheka mpaka wakaishiwa pumzi. Wakacheka mpaka wakazoea. Watu wanapumzika kivulini kwa zamu, hata moto ukinguruma. Makoti yenye masizi yanafuliwa kituoni, hayaendi nyumbani kwa watoto. Anayerudisha chupa iliyojaa hukaa na mimi stoo mpaka aimalize, na mimi si mtu wa kukaa naye kwa starehe.

Figo za Chuma hazikurudi zote. Daktari alimkataza mstari wa moto maisha yake yote. Nitasema uongo nikisema alilipokea vizuri. Kwa miezi mitatu alikuwa na kisirani hata kwa kuku wa jirani. Kisha Taratibu akamfuata nyumbani, akamwambia polepole kama kawaida yake: "Kikosi nimekichukua, lakini mtu wa redio sina. Mama Stoo anafoka." Chuma akaja kukaa kwenye kiti cha redio, pembeni yangu.

Moto wa kwanza mkubwa baada ya hapo ulikuwa mbaya. Upepo ulikuwa unabadilika kila dakika, na ukanda ulibaki hatua mia mbili tu kukamilika. Mkurugenzi alikuwa kwenye simu anataka habari kila nusu saa. Chuma akaita. Majibu yakaja, namba kwa namba, mpaka wa saba. Kisha mmoja hakungoja mwenzake amsemee.

"Namba nane," ikaja ile sauti ya kike. "Mimi... mimi siko sawa."

Nilishika pumzi. Mlimani kule najua wenzake nao waliishika. Hatua mia mbili! Zamani angechekwa mpaka kaburini. Niliutazama mkono wa Chuma juu ya redio, na mshipa wake ukipiga.

"Umefanya vizuri, dada," akasema. "Weka jembe chini. Namba tisa, shuka naye mpaka kwenye gari. Taratibu, umebaki na watu kumi. Huo ukanda utafika?"

"Hautafika."

"Basi rudini nyuma, mlime mwingine barabarani."

Mteremko wa huko nao uliungua. Jioni mkurugenzi akapiga simu kwa ukali, akauliza kwa nini mstari uliachwa, watu wazima kumi na wawili, hatua mia mbili. Chuma alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa sababu watu wangu wana figo, mheshimiwa," akamjibu. "Na wewe unazo. Uzitunze."

Namba nane alitundikiwa maji hospitali, akarudi kwake siku ile ile kwa miguu yake. Ana watoto wawili. Kesho yake aliwapeleka shule.

FUNZO

Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini nawaomba msimtazame mgonjwa peke yake. Tuwatazame na sisi tuliomfundisha kuficha, kwa kumpigia saluti akivumilia na kumcheka akilalamika. Chuma alikosea kunyamaza. Mimi nilikosea zaidi, kwa sababu niliufanya ukimya uwe sifa, nikauandika ukutani.

Kama wewe ni mkubwa wa watu kazini, iwe ni msituni, kiwandani au jikoni, usifurahie kuambiwa kwamba hakuna anayeumwa. Uliza tena, kwa swali ambalo halina jibu la mkato. Anayekuletea habari mbaya mapema mshukuru mbele ya wenzake. Kama wewe ni mfanyakazi, maji, kivuli na kupumzika ni vifaa vya kazi kama jembe, na kuvikataa si ushujaa. Na wewe uliye nyumbani, ukiona kitu, usione haya kusema, hata kama kimeonekana chooni.

Ule mteremko wa misonobari umekwisha kupandwa upya, na miche imefika magotini. Mti ukiungua tunapanda mwingine mahali pale pale. Baba wa mtoto hapandwi.